Dripu ni Dawa

Swali ninaloulizwa mara nyingi na madaktari wapya kwenye zamu ni hili: mgonjwa ana homa, presha 80 kwa 40, mikono ya baridi, nimtundikie chupa ngapi za dripu? Ni swali la haki. Anayeuliza ameshatambua kuwa mgonjwa wake yuko hatarini, ameshaweka kanula (kijibomba cha mshipani), na anataka namba ya kuandika kwenye faili kabla hajakimbilia kitanda kinachofuata. Namba ipo. Mwongozo wa kimataifa wa Surviving Sepsis Campaign, unaohusu sepsisi, yaani maambukizi yanayoufanya mwili udhuru viungo vyake wenyewe, unataja mililita 30 kwa kila kilo ya uzito ndani ya saa 3 za mwanzo. Kwa mtu wa kilo 60 hiyo ni lita 1.8. Ila toleo la mwaka 2021 liliishusha hadhi namba hiyo, kutoka pendekezo zito hadi pendekezo jepesi, kwa kuwa ushahidi unaoibeba ni dhaifu. Siku hizi nami nikiulizwa chupa ngapi, nauliza kwanza: utarudi kumwangalia saa ngapi?

Wapo wanaoona nakwepa. Sikwepi. Nimefika hapo baada ya kusoma kwa miaka tafiti za mgonjwa mahututi mwenye sepsisi, na kila nikizisoma upya naona zinasema jambo moja ambalo wadi zetu bado hazijalimeza: dripu ni dawa. Ina dozi, ina kasi, ina madhara, ina wagonjwa inaowafaa na wasiofaa. Hatuandiki mofini, dawa kali ya maumivu, "ya kutosha". Maji tunayaandika hivyo kila siku.

Mazoea haya yana historia inayoheshimika. Mwaka 2001 Emanuel Rivers na wenzake wa Detroit walichapisha utafiti wa wagonjwa 263 wenye sepsisi kali waliopokelewa idara ya dharura. Waliofuatwa kwa utaratibu maalumu ndani ya saa 6 za mwanzo, ukiwemo wa kuwajaza maji hadi presha ya mshipa mkuu ifike kiwango kilichopangwa, walikufa asilimia 30.5, waliotibiwa kwa kawaida ya siku hizo, asilimia 46.5. Dunia nzima ilisimama kuangalia. Kwangu zawadi kubwa ya kazi ile ilikuwa kutufundisha kwamba sepsisi ni dharura kama ulivyo mshtuko wa moyo, na kwamba mgonjwa wake hastahili kusubiri raundi ya asubuhi. Lakini wengi waliondoka na somo jepesi zaidi kubeba: mjaze maji. Miaka zaidi ya 10 baadaye majaribio matatu makubwa, ProCESS la Marekani, ARISE la Australia na nchi nyingine, na ProMISe la Uingereza, yaliyohusisha jumla ya wagonjwa zaidi ya 4,000, hayakuona faida ya utaratibu ule juu ya huduma ya kawaida. Bila shaka huduma ya kawaida nayo ilikuwa imebadilika: antibiotiki zilikuwa zinaanza mapema, na maji mengine yalikuwa yanatolewa hata kabla mgonjwa hajaingizwa kwenye utafiti.

Kabla ya hayo matatu, jibu kubwa kuliko yote lilikuwa limeshatoka Afrika Mashariki.

Utafiti wa FEAST, ulioongozwa na Kathryn Maitland na kuchapishwa mwaka 2011, ulifanyika Kenya, Uganda na Tanzania. Watoto 3,141 wenye homa kali na dalili za damu kutozunguka vizuri waligawanywa kwa kura: wengine walipewa haraka maji ya chumvi, wengine albumini (protini ya damu iliyo katika maji), mililita 20 hadi 40 kwa kilo, na wengine hawakupewa maji ya haraka kabisa, ila dripu ya kawaida ya kukidhi mahitaji ya mwili. Zaidi ya nusu yao walikuwa na malaria. Watoto wenye kuhara na wenye utapiamlo mkali hawakuhusishwa. Naomba msomaji aliweke hilo kando, nitalirudia. Mpango ulikuwa wa watoto 3,600, lakini kamati ya usalama iliusimamisha kabla haujafika huko. Ndani ya saa 48 walikuwa wamefariki asilimia 10.6 ya waliopewa albumini, asilimia 10.5 ya waliopewa maji ya chumvi, na asilimia 7.3 ya wale ambao hawakupewa maji ya haraka. Yaani katika kila watoto 100 waliojazwa maji tuliwapoteza 3 zaidi, na maji hayo ndiyo yaliyokuwa yameandikwa vitabuni kama tiba.

Kuna kipande cha matokeo hayo kinachosomwa kidogo, nami nakiona ndicho kiini. Saa moja baada ya tiba, dalili za mshtuko, yaani damu kutofika vizuri viungoni, zilikuwa zimeondoka kwa asilimia 43 ya watoto waliopewa maji ya haraka, na kwa asilimia 32 tu ya wale wa kundi linganishi. Saa ya kwanza, basi, maji yalionekana yanafanya kazi. Daktari aliyesimama pale kitandani aliona mikono inapata joto na mapigo yanajaa, akaondoka ameridhika, na hakuna wa kumlaumu. Vifo vilikuja baadaye. Tena havikuja kwa njia tuliyodhani. Wengi tulitarajia mapafu yaliyojaa maji au ubongo uliovimba. Timu ilipochambua vifo kimoja kimoja ilikuta ongezeko kubwa limetokana na moyo na mishipa kushindwa kazi. Mtoto alirudi kwenye mshtuko, na safari hiyo hakutoka.

Nimeisoma ripoti ile mara nyingi, na bado inaniumiza, kwa sababu inagusa kitu tunachokiamini kuliko vipimo: macho yetu. Tuliambiwa tumwangalie mgonjwa, na kumwangalia mara moja kulitudanganya.

Walikuwepo waliosema hayo ni ya watoto wenye malaria, hayatuhusu tunaotibu watu wazima. Mwaka 2017 ukaja utafiti wa Lusaka, Zambia. Watu wazima 212 wenye sepsisi na presha ya chini, karibu 9 kati ya 10 wakiwa wanaishi na virusi vya UKIMWI, waligawanywa kati ya huduma ya kawaida na utaratibu wa saa 6 wa maji mengi ya mapema, dawa za kupandisha presha na damu. Waliofuata utaratibu walipata takriban lita 3.5 ndani ya saa hizo 6, wengine lita 2. Waliofariki hospitalini walikuwa asilimia 48.1 kwa asilimia 33.0. Kwa maneno mengine, lita moja na nusu zaidi, ikiwa na nia njema na utaratibu ulioandikwa vizuri, ilifuatana na vifo zaidi mahali ambapo mashine za kupumulia ni chache.

Halafu soma tafiti za nchi tajiri. CLASSIC ya Ulaya, mwaka 2022, wagonjwa 1,554 walioko tayari kwenye chumba cha wagonjwa mahututi: maji kidogo au kiasi cha kawaida, vifo vya siku 90 vilikuwa asilimia 42.3 na 42.1. CLOVERS ya Marekani, mwaka 2023, wagonjwa 1,563: asilimia 14.0 na 14.9. Hakuna tofauti. Nimewasikia wenzangu wakizichukua hizi mbili kama kibali kwamba maji hayadhuru, tuendelee. Sikubaliani nao kabisa. Wagonjwa wa CLOVERS walipoingia utafitini walikuwa wameshapewa takriban lita 2, hivyo swali lililojibiwa pale linahusu kinachofuata baada ya dozi ya kwanza. Isitoshe, walikuwa wamezungukwa na wauguzi wa kutosha na mashine. Pafu likilowa kuna mtu analiona ndani ya dakika chache, kuna oksijeni ya kasi, kuna mashine ya kusafisha damu figo zikigoma. Katika mazingira hayo kosa la lita moja linarekebishika. Palepale ambapo muuguzi mmoja ana wagonjwa 30 usiku, lita ileile ni uamuzi wa mwisho. Ndiyo maana nasema usalama wa dripu haumo kwenye chupa peke yake. Umo pia kwa anayerudi kuitazama.

Sababu za kimwili zinajulikana. Ukimtundikia mtu lita moja ya maji ya chumvi, baada ya saa moja kinachobaki ndani ya mishipa ni kama robo. Sehemu kubwa imeshahamia kwenye tishu. Mwenye sepsisi hubakiwa na kidogo zaidi, kwa kuwa kuta za mishipa yake midogo zimeharibika. Unajaza mtungi uliotoboka, na kinachovuja kinaishia kwenye mapafu, kwenye utumbo, na kwenye figo ambayo, ikiwa imebanwa ndani ya ganda lake, ikivimba damu hupita kwa shida. Zaidi ya hayo, kati ya wagonjwa mahututi tunaowaongezea maji, takriban nusu tu ndio ambao moyo wao huitikia kwa kusukuma damu zaidi. Nusu iliyobaki hupata uvimbe bila faida.

Basi tufanyeje saa ile presha ni 80 kwa 40? Ninavyofanya mimi ni hivi. Antibiotiki kwanza, ndani ya saa moja, tena ichomwe kabisa, isiishie kuandikwa. Kama kuna usaha, utumbo uliotoboka au mji wa mimba wenye mabaki, simu kwa mpasuaji inapigwa sasa hivi, kwa sababu hakuna dripu itakayomponya mtu ambaye chanzo cha sepsisi kimebaki tumboni. Maji naanza kwa mililita 250 au 500, na karatasi ya maagizo haina "lita 3 kwa saa 24"; ina kiasi, muda, na jina la atakayerudi. Kabla sijaongeza nainua miguu ya mgonjwa, nikiteremsha na kiwiliwili chake, ili damu yake mwenyewe ya miguuni irudi moyoni, kama mililita 300 hivi, ambazo ukimshusha miguu zinarudi zilikotoka. Pengo kati ya presha ya juu na ya chini likipanuka ndani ya dakika moja, huyo huenda maji yatamfaa. Nasikiliza chini ya mapafu. Nahesabu pumzi kwa dakika nzima. Pumzi zikipanda kutoka 24 hadi 32 baada ya chupa ya pili, nafunga dripu hata kama presha bado inanisumbua.

Na nabonyeza kidole. Utafiti wa ANDROMEDA-SHOCK wa Amerika Kusini, mwaka 2019, ulilinganisha timu zilizoongozwa na kipimo cha laktati (asidi inayopanda kwenye damu tishu zikikosa oksijeni) na timu zilizoongozwa na kubonyeza kidole kwa kipande cha kioo sekunde 10, kisha kuhesabu damu inarudi baada ya sekunde ngapi. Zaidi ya 3 ni mbaya. Wagonjwa walikuwa 424. Walioongozwa na kidole walifariki asilimia 34.9, walioongozwa na laktati asilimia 43.4. Kitakwimu tofauti hiyo haikufikia uhakika unaotakiwa, na sitaiuza kama ushindi. Lakini kipimo kisichohitaji maabara wala umeme, kinachoweza kurudiwa kila nusu saa na mwanafunzi wa uuguzi, kusimama sawa na kile cha gharama ni habari njema mno kwa hospitali nyingi. Kwenye ngozi nyeusi naangalia kucha, nikiwa na taa nzuri, na nashika goti: baridi inayopanda kutoka vidoleni kuelekea gotini haihitaji rangi.

Dawa za kupandisha presha tulizoea kuzisubirisha hadi mshipa mkuu wa shingo upatikane, na wakati tunasubiri tunaongeza chupa. Mwongozo wa 2021 umeruhusu kuanza noradrenalini kwenye mshipa wa mkono. Ndani ya CLOVERS wagonjwa 500 walipewa dawa hizo kwa njia ya mkono, na madhara yanayoweza kuhusishwa nazo yalionekana kwa 3. Chagua mshipa mnene wa kigasha, mbali na kiwiko na kifundo, kanula iliyowekwa vizuri, na mtu wa kuikagua kila saa. Lengo ni wastani wa presha wa 65. Kwa wazee wa miaka 65 na kuendelea, utafiti wa Uingereza wa mwaka 2020 wenye wagonjwa 2,600 uliridhika na 60 hadi 65 bila vifo kuongezeka, asilimia 41.0 kwa 43.8, kwa hiyo mzee anayejitambua na kukojoa sina haraka ya kumpandisha zaidi.

Sasa lile nililoomba liwekwe kando. Ninaogopa, tena sana, kwamba somo la FEAST litageuka kuwa woga wa maji, na mtoto wa kipindupindu afe kwa kukosa alichokipoteza. Anayehara hadi macho yamezama, anayetapika kwa kisukari kilichopanda, mama anayevuja damu, hawa wamepoteza kitu halisi, na hospitali lazima iwarudishie, kwa haraka: maji kwa aliyepoteza maji, damu kwa aliyepoteza damu. Woga huu una mfano hai. Kwa miongo mingi tulifundishwa kwamba mtoto mwenye utapiamlo mkali na kuhara asipewe dripu isipokuwa yuko kwenye mshtuko, kwa hofu kwamba moyo wake dhaifu utazidiwa. Mwaka 2025 ukachapishwa utafiti wa GASTROSAM, wa watoto 272 nchini Uganda, Kenya, Niger na Nigeria, ukilinganisha maji ya kunywa na dripu, ya haraka na ya taratibu. Vifo havikutofautiana. Na ile hofu ya moyo kuzidiwa? Haikuonekana hata kwa mtoto mmoja. Maitland, yuleyule aliyetuonesha kwamba maji yanaua, alikuwa kwenye timu iliyoonesha kwamba hapa hayakudhuru. Namheshimu mno kwa hilo. Mtoto wa FEAST mishipa yake ilikuwa inashindwa. Mtoto wa GASTROSAM alikuwa amekauka. Wote wawili wana mikono ya baridi.

Oksijeni nayo ni dawa yenye dozi, ingawa hapa nitapita haraka. Mwaka 2025 utafiti wa UK-ROX wa Uingereza uliwagawa wagonjwa 16,500 walioko kwenye mashine za kupumulia kati ya lengo la oksijeni ya damu la asilimia 88 hadi 92 na huduma ya kawaida. Vifo vya siku 90 vilikuwa asilimia 35.4 kwa 34.9. Kwa hospitali inayogawana mitungi, hiyo ina maana kwamba kumshusha mgonjwa kutoka 99 hadi 93 hakumdhuru, na kinachookolewa kinaweza kwenda kitanda cha jirani. Lakini usinisome nusu. Mwaka 2020 watafiti wa Michigan walionesha kwamba kile kifaa cha kidoleni cha kupima oksijeni, oksimita, kikisoma 92 hadi 96, kipimo cha damu ya ateri kilikuta oksijeni iko chini ya 88 kwa asilimia 11.7 ya wagonjwa Weusi, dhidi ya asilimia 3.6 ya Wazungu. Kwa hiyo anayehudumia watu wenye ngozi nyeusi na kulenga 88 kwa kifaa hicho anaweza kuwa analenga pabaya zaidi bila kujua. Mimi kwao silengi chini ya 92 kama sina kipimo cha ateri, na mgonjwa anayehema kwa mabega huku kifaa kinasoma 95, namwamini mgonjwa.

Yote haya yanahitaji mtu wa kurudi kitandani, na hapo ndipo penye kidonda. Mwaka 2025 jarida la Lancet lilichapisha utafiti uliopita kwenye hospitali 180 za nchi 22 za Afrika na kuwapima wagonjwa karibu 20,000 waliokuwa wamelazwa. Mmoja kati ya kila 8 alikuwa mahututi. Asilimia 69 ya mahututi hao walikuwa kwenye wadi za kawaida, siyo kwenye vyumba maalumu. Ndani ya siku 7 walifariki asilimia 20.7 yao, dhidi ya asilimia 2.7 ya wasio mahututi. Kati ya walioshindwa kupumua vizuri, waliokuwa wanapata oksijeni walikuwa asilimia 48. Kati ya wale ambao mzunguko wa damu umefeli, asilimia 54 tu ndio waliokuwa wanapewa maji au dawa za kupandisha presha.

Namba hiyo ya mwisho inanifanya niseme kwa uangalifu. Tunabishana juu ya lita ya tatu wakati karibu nusu hawajapata chochote. Siamini kwamba ni mabishano mawili. Aliyekosa oksijeni na aliyezamishwa kwa dripu wanapotea kwa sababu moja: hakuna aliyewahesabu pumzi kati ya saa 4 usiku na saa 12 asubuhi. Huduma hiyo ya msingi, ile ambayo wataalamu wa nchi mbalimbali waliiainisha mwaka 2021 kuwa matendo 40 yanayowezekana katika hospitali yoyote, haina kitu cha ajabu: pima, tambua, mlaze ubavu asiyejitambua, mpe oksijeni, mpe maji kwa kipimo, rudi.

Nikipata nafasi ya kuomba kitu kwa wanaopanga bajeti za hospitali, siombi mashine ya kupumulia kwanza. Naomba muuguzi wa pili wa usiku kwenye wadi ya kawaida, oksimita kwa kila vitanda vichache, saa ya ukutani yenye mshale wa sekunde, na ruhusa iliyoandikwa kwamba muuguzi akiona pumzi zimevuka 30 anaweza kufunga dripu, kuweka oksijeni na kuniamsha, bila kusubiri saini yangu.